Swichi Iliyofungwa Mdomo

Ukitaka kumwona mwanamume mzima akinywea, mpe kazi na mama mkwe wake, tena kazi ya kulala chali chini ya mashine. Ndiyo iliyompata Shoti Ijumaa ile, saa tatu asubuhi, nyuma ya ghala la chanjo. Shoti ni jina alilobandikwa na wenzake kwa sababu alikuwa fundi umeme, na fundi umeme hata akikaa miaka ishirini bila kuunguza balbu, watu watamkumbuka kwa ile shoti moja tu. Mama mkwe naye alikuwa fundi wa majokofu, mama wa miaka sitini kasoro kidogo, magoti mabovu, ovaroli ya bluu iliyopauka, na mafundi wote walimwita Mama Barafu. Alishika spana kabla Shoti hajajua kufunga kamba za viatu.

Sasa niambie, unalalaje chali kando ya mama aliyekuzalia mke? Shoti alichuchumaa hatua tatu mbali, tochi mkononi, akimmulikia huku ameangalia pembeni kwa adabu. Mwanga wote ukaishia ukutani.

"Baba," mama mkwe akasema kwa upole kutoka chini ya mashine, "ukuta nimeshauona. Nimulikie kompresa."

"Samahani, Mama."

Mashine ile ndiyo iliyokuwa roho ya ghala. Ndani, nyuma ya mlango mnene kama godoro, kulikuwa na chumba cha baridi chenye rafu hadi darini, na juu ya rafu maboksi ya chanjo za surua, pepopunda na kifaduro, za wilaya nzima. Jumatatu magari yangekuja kuzichukua kuzipeleka kwenye zahanati. Chanjo, jamani, inadeka kuliko kitindamimba. Ikishuka chini ya nyuzi mbili inaharibika, ikipanda juu ya nyuzi nane inaharibika, na ikishaharibika haibadiliki rangi wala hainuki. Unamdunga mtoto maji matupu, na mama yake anaondoka anakushukuru. Juu ya mlango palikuwa na kipima joto chenye namba nyekundu. Asubuhi ile kilisoma tano nukta nane, na mashine kila ikiwashwa ilikwenda dakika mbili, ikazima.

"Tano nukta tisa!" ikapaa sauti kutoka mlangoni. Huyo alikuwa Sista, muuguzi mwenye ghala, mama mnene asiyejua kunong'ona. "Jamani, presha yangu mimi itapanda kabla ya hiyo ya mashine!"

Alikuwa na haki ya kupiga kelele. Masanduku yake ya barafu yangebeba robo ya chanjo, basi. Ghala jingine la baridi lilikuwa safari ya siku nzima, na lori lenyewe halikuwepo. Kwa hiyo ama mashine ipone leo, ama namba ifike nane na kila kilichomo mle ndani kikatupwe.

Hiyo tano nukta tisa ilimgusa Shoti kuliko wote, maana alikuwa na jambo. Na jambo lenyewe lilianza Jumanne.

Mashine kama ile ina swichi mbili za presha, viboksi viwili vilivyofungwa kwenye fremu, vinatosha kiganjani. Kimoja kinachunga upande wa presha ya chini, kule gesi inakorudi baada ya kupoza chumba. Presha ikishuka kupita kiasi, kinakata umeme. Cha pili kinachunga upande wa presha ya juu, na chenyewe kinakata ikipanda kupita kiasi. Kila kimoja kimeungwa na mabomba kwa kibomba cha shaba chembamba kama njiti ya ufagio. Jumanne asubuhi swichi ya chini ilikuwa inakata. Shoti akaigonga kwa mpini wa bisibisi, ikashika, ikakata tena. Akaigonga tena. Mwishowe akasema, hii imekufa, isinipotezee muda. Akafungua boksi la umeme, akakata kipande cha waya mwekundu, akaziunga nyaya mbili za swichi ile dairekti, umeme ukaipita kama haipo duniani. Mashine ikawaka, ikaendelea kuwaka.

Sista akapiga vigelegele. "Shoti, umewaokoa watoto!" Akamletea soda baridi. Shoti akainywa ile soda pamoja na sifa, na vyote viwili vilikuwa vitamu. Angempigia mama mkwe simu siku ileile, lakini mkwe haitwi kwa jambo dogo, au ndivyo alivyojiambia. Ule waya mwekundu akaulaza nyuma ya nyaya nyingine, nadhifu kabisa, usionekane. Akajiambia huo ni usafi wa kazi. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Sasa Ijumaa, mashine imezima, na safari hii inayokata ni swichi ya juu. Sista ndiye aliyempigia Mama Barafu, na kwa haraka yake hakumtajia ya Jumanne. Na Shoti, alipomwona mama mkwe anashuka garini na sanduku lake la vyuma, akasema shikamoo, akapokea mzigo, na ulimi ukamganda palepale.

"Mama," alijaribu kusema walipoanza, "nadhani hii swichi ya juu imekufa. Tubadilishe tu."

Mama Barafu akatoka chini ya mashine, akajifuta mikono. "Mjumbe hauawi, baba. Kwanza tuulize kama habari aliyoleta ni ya kweli."

Kumbe Shoti hakuwahi kumwona akifanya kazi. Alimjua wa sebuleni, wa chai na maulizo ya wajukuu. Huyu wa leo alikuwa mwingine. Kabla ya kushika chombo chochote alitembeza kiganja juu ya mabomba, taratibu, kutoka la moto hadi la baridi, akisimama hapa na pale kama anayempima mtoto homa. Kisha akafunga geji zake mbili, ya bluu upande wa chini, nyekundu upande wa juu. Akabonyeza kitufe cha swichi ya juu kilichokuwa kimeruka. Mashine ikanguruma. Mshale wa geji nyekundu ukaanza kupanda, ukapita katikati, ukapanda tu, na ulipogusa alama aliyoishika kwa kucha, swichi ikalia *tak!* na kila kitu kikanyamaza.

"Umeona? Imekata palepale ninapotaka ikate. Haijafa, inasema kweli. Presha imepanda kweli, na isingekata, bomba lingepasuka hapa tulipo tukaokotwa vipande vipande." Akasema hivyo kama mtu anayezungumzia mvua. "Swali ni kwa nini imepanda."

Wakaosha kondensa, lile sega kubwa la bati linalotoa joto nje, mpaka maji yakatoka meupe. Wakakagua feni, inazunguka vizuri. Wakawasha tena. Mshale ukapanda, *tak!*

"Sita nukta mbili!" Sista akatangaza.

Mama Barafu akakaa juu ya sanduku lake, akaagiza mashine iachwe ipoe kabisa. Zilipita dakika thelathini, na Shoti akashangaa mtu anawezaje kukaa tu namna ile nusu saa huku namba inapanda. Kisha mama mkwe akasoma geji, akatoa mfukoni kadi ya plastiki iliyokunjika pembe, akapima joto la hewa, akalinganisha.

"Gesi hii, kwa joto la leo, ikiwa imetulia inatakiwa isome hapa." Akaonyesha kwa kidole. "Inasoma hapa juu. Ina maana gesi haiko peke yake mle ndani. Mna hewa."

Shoti akayaangalia yale mabomba. Shaba tupu, yamechomelewa kila upande, hata sindano haipiti. Na huyu mama, kwa mishale miwili na kikadi, ameona hewa ndani yake! Miaka kumi alikuwa akila kwenye meza ya mtu huyu, hakujua anakula na nani.

"Imeingiaje, Mama?"

"Njia ni mbili. Ya kwanza ni mvujo. Gesi inatoroka, presha ya chini inashuka, inashuka, mpaka mashine inaanza kunyonya hewa ya nje kupitia tundu lilelile. Lakini hiyo siihesabu."

"Kwa nini?" Shoti akauliza.

"Kwa sababu ya swichi ya chini. Niliitegesha kwa mkono wangu ikate kwenye kumi. Presha isingefika huko kwenye kunyonya hewa, ingeshazima mashine zamani. Nimeipima saa hizi hapo kwenye boksi la umeme, imeshika vizuri. Haijakata, basi presha haijawahi kushuka. Swichi ya presha haina aibu, baba, wala haijui kumbembeleza mtu. Ninaiamini kuliko macho yangu."

Ndugu zangu, mama wa watu alifikiri sawasawa, hatua kwa hatua, hakukosea hata moja. Alichopima ni kile kipande cha waya mwekundu, naye hakujua.

"Na njia ya pili?"

Mama Barafu akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya ovaroli, akachelewa kuivaa.

"Ya pili ni mkono wa fundi. Aliyejaza gesi mara ya mwisho hakuivuta hewa yote kabla ya kujaza. Inakaa humo kidogo kidogo, majira ya baridi haionekani, joto likizidi inajitokeza. Na aliyejaza ni mimi. Miezi mitatu iliyopita, magoti yalikuwa yananiuma siku ile, nikawa na haraka ya kurudi nyumbani." Akageukia mlangoni. "Sista! Lete ile karatasi ya taarifa."

Sista akaja na karatasi na kalamu. Kila hitilafu ya ghala lazima iandikwe na kupelekwa kwa mganga mkuu, na chini yake fundi aweke sahihi.

"Andika, sababu ni uzembe wa fundi wa majokofu."

"Mama Barafu! Uzembe? Wewe?"

"Mimi. Andika. Nitaivuta gesi yote, nitavuta na hewa, nijaze upya. Saa nne za kazi, jioni itakuwa inapoza. Na baada ya leo mtafute fundi mwingine, mwenye magoti. Nimefanya kazi hii miaka thelathini na saba sijaharibu chakula cha mtu, siwezi kuanzia kwenye chanjo za watoto."

Kisha akaenda kwenye gari kuchukua mtungi wa gesi. Sista akainama juu ya karatasi akiandika, midomo imemvimba kwa huzuni.

Shoti akabaki amesimama katikati yao. Kichwani mwake hesabu ilijipanga yenyewe. Mama atajaza gesi mpya, na tundu, popote lilipo, litaendelea kuivujisha. Swichi ya chini italia, na hakuna atakayeisikia. Jumamosi, Jumapili, ghala limefungwa. Jumatatu asubuhi labda namba itasoma kumi na mbili, au mbaya zaidi, itakuwa imepanda na kushuka isijulikane, na maboksi yatapakiwa hivyohivyo. Na huyu mama atakuwa ameshatundika spana zake, akijua moyoni mwake kuwa alizeeka vibaya. Yote hayo kwa kipande cha waya kisichofika urefu wa kidole.

Akaliendea boksi la umeme. Akalifungua, akalegeza skrubu mbili, akauchomoa waya. Ulikuwa mdogo kiganjani, karibu acheke. Na papo hapo shetani akamnong'oneza, tia mfukoni. Swichi sasa iko huru, itakata yenyewe, mama atauona mvujo, karatasi itachanwa, na hakuna atakayejua. Akasimama hapo na waya mkononi, na nisikudanganye, mkono ulishaanza kwenda mfukoni.

Mama Barafu akarudi na mtungi, akauweka chini, akachukua kalamu kwa Sista. "Nisaini wapi?"

Shoti akaenda akauweka ule waya juu ya karatasi, pale pa sahihi.

Mama Barafu akauangalia. Fundi wa miaka thelathini na saba haelezwi kipande cha waya mwekundu chenye ncha mbili zilizokunjwa. Akaangalia boksi la umeme lililokuwa wazi, kisha akamwangalia mkwewe usoni, labda kwa mara ya kwanza tangu siku ya harusi.

"Lini?"

"Jumanne, Mama."

"Swichi gani?"

"Ya chini. Ilikuwa inakata. Nikaiunga dairekti."

"Kwa hiyo mimi nimepima..."

"Umepima waya wangu, Mama. Hukukosea mahali. Ni mimi."

Sista akashika mdomo. Sasa alijua ile soda ya Jumanne aliitoa kwa kazi gani.

"Ungeniacha nisaini?" Mama Barafu akauliza. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomkata Shoti maini.

Angeweza kusema hapana, Mama, nisingekuacha. Ndiyo maneno ambayo mkwe mwenye adabu angeyasema. Lakini alishachoka na adabu.

"Karibu ningekuacha. Niliona aibu. Wewe ni mkwe wangu."

Mama Barafu akavuta pumzi ndefu. Akaushika waya, akaurudisha mkononi mwa Shoti. Kisha akaanza kujishusha chini ya mashine, goti moja, goti la pili, akiguna.

"Njoo."

"Mama?"

"Njoo hapa chini, ulale. Heshima yako imetufikisha nyuzi sita na nusu. Nyumbani utaniheshimu, hapa unimulikie."

Basi Shoti akalala chali kando ya mama mkwe wake, bega kwa bega, ovaroli kwa ovaroli, na mbingu hazikuanguka. Mama akachukua brashi ndogo, akaichovya kwenye povu la sabuni, akaacha mabomba yote makubwa na kwenda moja kwa moja kwenye kile kibomba chembamba cha swichi ya chini, alichokifunga mwenyewe siku ile ya kujaza gesi. Akakipaka taratibu kutoka mwanzo. Hakuna kitu. Akafika kinapopita nyuma ya fremu, mahali ambapo jicho halifiki, akapaka hapo.

"Mulika. Usipumue."

Wakangoja. Povu lilitulia. Halafu pembeni kabisa, kijipovu kikachomoza, kidogo kama kichwa cha pini, kikavimba polepole, kikawa kama punje ya mtama, kikapasuka. Kikaanza kingine.

"Kikulacho," mama mkwe akanong'ona.

"Ki nguoni mwako," Shoti akamalizia, naye akinong'ona. Hakujua kwa nini wananong'ona.

Kibomba kile kilikuwa kimegusa fremu. Miezi mitatu mashine ikitetemeka, kibomba kikisuguliwa, kikisuguliwa, mpaka shaba ikang'aa kama pete, na katikati ya mng'ao tundu ambalo hata kwa tochi hulioni. Mvujo ulikuwa kwenye swichi yenyewe.

Shoti akalala pale anaangalia vijipovu. "Kwa hiyo Mama, aliyekuwa anavujisha ndiye huyohuyo aliyepiga kelele?"

"Ndiyo. Imetoboka yenyewe, na bado ikafanya kazi yake. Presha ilipofika kumi ikasema, zimeni. Ilikata mara ngapi hiyo Jumanne?"

Shoti alikumbuka kila moja. "Mara saba."

"Mara saba imekwambia."

Hapo ndipo machozi yalipomtoka, ndugu yangu, si kwa kukaripiwa. Yalimtoka kwa kile kiboksi cha bati, kisicho na damu wala akili, kilichojeruhiwa na kusema ukweli dhidi yake chenyewe mara saba, halafu yeye akakifunga mdomo. Akayafuta kwa kiwiko. Mama mkwe akajifanya anatafuta spana.

Kazi ikaanza kweli sasa. Gesi chafu ikavutwa kwenye mtungi mtupu. Swichi iliyotoboka ikafunguliwa, na Mama Barafu, pamoja na haraka yote, akatoa dakika mbili kuipasua kwa bisibisi. "Umeifunga mdomo hujawahi kuiona sura. Iangalie."

Ndani mlikuwa na kifuko cha bati chembamba chenye mikunjo, kama kinanda cha mkono kidogo mno, na juu yake springi moja na kiwiko cha kugusanisha umeme. Hakuna kingine. Presha ikiingia kupitia kibomba kifuko kinavimba, ikipungua kinanywea, springi inasukumana nacho, na pale wanaposhindana ndipo swichi inapoamua. Mama akakibonyeza kwa ncha ya kidole: *tak*. Akakiachia: *tak*. Shoti akapewa, naye akabonyeza. Kilipumua chini ya kidole chake kama kitu hai. Chumba kizima, rafu zote, watoto wote wa wilaya, walikuwa wakining'inia kwenye pumzi ya kitu hiki chepesi kuliko sarafu, na kilifanya kazi hiyo mchana na usiku bila kusifiwa. Akatamani kukiomba radhi.

Swichi mpya Mama Barafu alikuwa nayo sandukuni. Hakuifunga hivihivi. Aliiunga kwanza kwenye mtungi wa naitrojeni na geji, akapandisha presha, akaishusha polepole, wote wakisikiliza. Ikakata kwenye kumi na nne. Akalegeza skrubu ya juu robo mzunguko. Ikakata kwenye kumi na moja. Akagusa tena kidogo tu, ikakata kwenye kumi kamili. Kibomba chake akakikunja mduara mmoja mkubwa kiwe na nafasi ya kucheza, akakifunga kwenye fremu kwa kipande cha mpira, kisiguse chuma popote. Kisha pampu ikawekwa kuvuta hewa, na pampu haiombwi haraka, inataka saa yake nzima.

"Saba nukta moja!" Sista akatangaza. Alikuwa ameshahamisha chanjo zilizo dhaifu zaidi kwenye masanduku ya barafu, jasho linamtiririka. Baadaye kidogo: "Saba nukta nne!" Shoti akaomba wajaze gesi. "Bado," mama mkwe akasema. "Saba nukta sita!" "Bado. Nikikosea sasa nimekosea kweli."

Walipowasha, namba ilikuwa saba nukta saba. Mashine ikanguruma. Mshale mwekundu ukapanda, ukafika katikati, ukatulia hapo. Ndani ya chumba feni zikaanza kupuliza. Sista hakupiga kelele tena, alisimama chini ya kipima joto na mikono kifuani. Saba nukta nane. Ikakaa hapo. Ikakaa. Saba nukta saba. Saba nukta tano.

Sista akamkumbatia Mama Barafu, akamkumbatia na Shoti, akakumbuka amemkasirikia, akamwachia.

"Bado hatujamaliza," mama mkwe akasema. "Baba, funga hiyo vali ya gesi. Polepole."

Shoti akaelewa. Kufunga vali ni kuinyima mashine gesi, kuishusha presha kwa makusudi. Ni kuizima mashine sasa hivi, namba ikiwa saba nukta tano, baada ya yote haya.

"Mama, si inapoza? Tuiache tu."

"Swichi ambayo hujaisikia ikikata ni pambo. Funga."

Akafunga. Mshale wa geji ya bluu ukaanza kushuka. Arobaini. Thelathini. Ishirini. Kumi na tano. Mashine ilinguruma tu kama haina habari. Kumi na mbili. Je, isipokata? Kumi na moja.

*Tak.*

Na kimya. Kimya kilekile alichokikimbia Jumanne, kilichomfanya agongegonge kwa mpini wa bisibisi na kukata waya. Kilikuwa kimetanda nyuma ya ghala lote, mpaka akasikia maji yakidondoka kutoka kwenye kondensa. Hakuwahi kusikia kitu kizuri namna ile.

"Imezima!" Sista akapiga ukelele kutoka ndani. "Shoti! Imezima!"

"Imezima, Sista!" akajibu, na sauti ilimtoka kwa furaha kubwa. "Imezima yenyewe!"

Akafungua vali. Presha ikapanda, swichi ikashika, mashine ikawaka bila kuguswa na mtu.

Jioni, namba ikiwa nne nukta tisa na chanjo zote zimerudi kwenye rafu zake, Shoti akaomba karatasi mpya ya taarifa, akaketi kwenye meza ya Sista. Aliandika polepole, kwa herufi kubwa, kwamba Jumanne fundi umeme aliipita swichi ya presha ya chini kwa waya, hakumwambia mtu, na kwa hiyo mvujo haukujulikana siku tatu. Akaandika kwamba fundi wa majokofu hana kosa. Akaweka sahihi. Alijua mganga mkuu atakavyoisoma, na alijua huenda wiki ijayo akawa hana kazi. Akampa mama mkwe aisome.

Mama Barafu akasoma, akaiweka mezani, akachukua kalamu. Akayafuta kwa mstari mmoja yale maneno "hana kosa," na chini yake akaandika kwa mwandiko wake wa duara: *Fundi wa majokofu alifunga kibomba karibu na fremu miezi mitatu iliyopita, na leo aliipima swichi kwenye boksi la umeme bila kwenda kuiangalia yenyewe.*

"Mama, hapana. Hilo langu limetosha. Hili lako hata asingelijua mtu."

"Ndiyo maana naliandika," mama mkwe akasema, akaweka sahihi yake chini ya ya mkwewe. Kisha akamnyooshea mkono, amvute asimame.